Joto la dunia linatoka wapi? Maswali ambayo watu wa Nairobi huuliza kila mara

Kila joto la Februari likichacha hapa Nairobi maswali huanza upya, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa magrupu ya WhatsApp ya estate, na majibu mengi yanayozunguka huko hayako sawa. Nimekusanya yale yanayorudi sana. Naandika juu tukikosea chanzo tutamlaumu asiyehusika, na sai mama anayechoma mahindi kando ya barabara analaumiwa kuliko nchi ambazo zimechoma makaa ya mawe kwa miaka zaidi ya mia mbili. Hilo linaniuma sana.

Joto limepanda kiasi gani kwa kweli?

Ukilinganisha na wastani wa kati ya 1850 na 1900, mwaka 2024 ulikuwa juu kwa kama digrii 1.55, hiyo ni hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, na ndio mwaka uliokuwa na joto zaidi tangu watu waanze kupima. Na si mwaka huo peke yake, ile miaka kumi kutoka 2015 hadi 2024 ilikuwa na joto kuliko mingine yote iliyotangulia kwa rekodi. Mwaka mmoja unaweza kuruka juu ama kushuka, kwa hivyo wataalamu huangalia mwendo wa miaka mingi, na ukiangalia hivyo unapata tuko kati ya digrii 1.3 na 1.4.

Digrii moja na kitu si ni kidogo? Nairobi asubuhi ni 14, saa nane mchana ni 27.

Hiyo ya Nairobi ni siku moja, mahali pamoja. Hii nyingine ni wastani wa dunia nzima, bahari, jangwa na Antaktika zikiwa ndani, usiku na mchana, mwaka mzima, na huo wastani hausongi kirahisi. Kama miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ya kilomita kadhaa ilikuwa imefunika karibu Kanada yote, na dunia wakati huo ilikuwa baridi kwa kama digrii 5 hadi 7 tu kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda. Kutoka kwenye baridi hiyo ilichukua maelfu ya miaka. Sisi tumepandisha zaidi ya digrii moja kwa kama miaka 150, na sehemu kubwa yake imekuja tangu miaka ya 1970, yaani watu wengi wanaosoma hapa ama wazazi wao wameiona yote.

Sasa hilo joto linatoka wapi?

Kwa jua, vile imekuwa siku zote. Kilichobadilika ni vile linatoka. Mwanga wa jua unapita hewani, unagonga ardhi na bahari, zinapata moto, halafu zinarudisha joto juu kwa miale ambayo macho yetu hayaoni. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndio karibu hewa yote tunayovuta, zinaachilia hiyo miale ipite. Lakini hewa ya ukaa (CO2), methani, mvuke wa maji na gesi nyingine chache zinainasa, kisha zinaitoa tena kila upande, na sehemu yake inarudi chini. Ni kama blanketi, halina moto wake lenyewe, linachelewesha tu joto la mwili lisitoke.

Bila hizo gesi wastani wa dunia ungekuwa kama digrii 18 chini ya sufuri, badala ya hii 15 juu ya sufuri tuliyozoea, kwa hivyo gesi zenyewe zinatuweka hai. Shida ni tumeziongeza. Kabla ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Wanasayansi wametoboa barafu ya Antaktika wakapima hewa ya zamani iliyofungiwa ndani kwa vipovu, miaka 800,000 nyuma, na kwa muda huo wote haikufika popote karibu na hapa, ilikuwa inapanda hadi kama 300 halafu inashuka.

Na mvuke wa maji? Si ndio mwingi zaidi?

Ndio, ni mwingi zaidi. Lakini hukaa hewani siku chache tu kisha unanyesha, hauwezi kuanzisha joto peke yake. Unafuata: hewa ikipanda digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, na huo mvuke unaongeza joto lingine juu ya lile ambalo hewa ya ukaa imeleta. Weka hiyo asilimia 7 kichwani, itarudi tukifika kwa mafuriko.

Inawezekanaje lita moja ya petroli itoe zaidi ya kilo mbili za gesi?

Hili swali nalipenda juu likieleweka mengine yanakuwa rahisi. Lita ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, lakini ikichomwa inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Uzito wa ziada umetoka hewani, kila atomi ya kaboni iliyo kwa mafuta inashika atomi mbili za oksijeni, na oksijeni ni nzito kuliko kaboni. Dizeli ni kama kilo 2.7 kwa lita.

Chukua matatu ya watu 14 imejaza lita 60 za dizeli asubuhi, inapiga Thika Road juu chini, tanki ikiisha imeacha hewani kama kilo 160, uzito wa watu wazima wawili, na hakuna mtu kwa stage ameona chochote juu hiyo gesi haina rangi wala harufu. Ule moshi mweusi unaokufanya ufunge dirisha ni masizi, ni shida nyingine, inaumiza mapafu sana. Gari inaweza kukosa moshi kabisa kwa macho na zile kilo 160 bado ziko palepale. Watu hufikiria wakiona hewa safi basi hakuna kilichotoka.

Sasa ongeza kila gari, kila ndege, kila meli, kila kituo cha stima cha makaa ya mawe, na unafika kama tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kila mwaka kutoka kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Makaa ya mawe ndio yanaongoza, halafu mafuta, halafu gesi.

Nani amehakikisha hiyo gesi ni ya binadamu? Volkano je?

Kaboni ina alama zake. Mimea ikijenga mwili wake hupendelea kaboni nyepesi kidogo, kwa hivyo makaa ya mawe na petroli, ambayo yametokana na mimea na viumbe vya zamani sana, yana hiyo nyepesi kwa wingi. Pia kuna kaboni 14, ile inayotumika kupima umri wa mifupa ya kale, inaoza na nusu yake inaisha kwa kama miaka 5,730, kwa hivyo kitu kilichokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka hakina hata chembe. Hewa yetu imekuwa ikiongezeka kaboni nyepesi huku kaboni 14 ikizimuliwa na ile ya zamani isiyokuwa nayo, na mwanasayansi Hans Suess alishaonyesha hilo mwaka 1955. Juu ya hiyo, oksijeni hewani inapungua kidogo kidogo, vile ungetarajia kitu kikichomwa.

Volkano hazipunguzi oksijeni hivyo, na kaboni yake haina huo wepesi. Zote zikijumlishwa, za nchi kavu na za chini ya bahari, hazifiki asilimia 1 ya kile binadamu anatoa kwa mwaka. Volkano kubwa hata hupoesha dunia kwa muda: Pinatubo ya Ufilipino ililipuka Juni 1991, chembechembe za salfa zikasambaa juu zikarudisha mwanga wa jua, na dunia ikashuka kama nusu digrii kwa mwaka mmoja miwili.

Labda jua limezidi ukali tu?

Setelaiti zimepima jua moja kwa moja tangu mwisho wa miaka ya 1970. Linapanda na kushuka kidogo kwa mzunguko wa kama miaka 11, na halijaongezeka huku joto la chini likipanda. Ushahidi ambao mimi hunitosha kabisa ni huu: jua lingekuwa ndio sababu, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Kinachoonekana ni chini kunapata joto na stratosfia, lile tabaka la juu, linapoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa hewa ya ukaa ikiongezeka.

Lakini hali ya hewa imebadilika tangu zamani, hata kabla ya watu.

Ni kweli, na kila mara kulikuwa na sababu. Enzi za barafu zilifuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kwa jua na vile inavyoinama, mambo ya makumi ya maelfu ya miaka. Ukipiga hesabu ya hiyo mizunguko sai, dunia ingekuwa inapoa polepole. Moto wa msitu unaweza kuanzishwa na radi na unaweza kuanzishwa na mtu, na ule wa radi haumfanyi mwenye kiberiti kuwa hana hatia.

Ni tundu la ozoni, sivyo? Ndio tulifunzwa shule.

Hapana. Ozoni inazuia miale ya jua inayochoma ngozi, na tundu lililetwa hasa na gesi za friji za zamani na makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipiga marufuku na ozoni inapona polepole. Kinachochanganya ni kwamba hizo gesi za friji pia hunasa joto sana, na zile zilizokuja kuzirithi hazigusi ozoni lakini zinanasa joto vilevile, ndio maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikakubaliana kuzipunguza. Kwa hivyo fundi akikuwekea gesi mpya kwa friji, ile ya zamani asiiachilie hewani.

Si sisi wenyewe tumejiletea, tukikata miti na kuchoma mkaa?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kukata misitu duniani kote, Amazon, Kongo, Indonesia na kwetu, kunachangia kama sehemu moja kwa kumi ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu kila mwaka. Ni kubwa, siipuuzi. Lakini sehemu tisa ni makaa ya mawe, mafuta, gesi na simiti.

Angalia gunia la mkaa uliotoka Kitui. Kaboni iliyo ndani, ule mgunga uliivuta kutoka hewani kwa miaka kumi, ishirini hivi. Ukichomwa inarudi ilikotoka, na mti mwingine ukikua pale inavutwa tena. Mti usipokua tena, hapo kaboni imebaki juu na ardhi imebaki uchi, na hiyo ni hasara ya kweli. Sasa angalia lita ya dizeli iliyo kwa lori linalobeba huo mkaa. Kaboni yake ilikuwa imezikwa mamilioni ya miaka, haikuwa kwa hewa ya babu zetu wala ya mababu wa babu zetu, na ikitoka hakuna mti uliokatwa ambao ukirudishwa utailipa. Mama wa jiko hapa anapata moshi kwa macho na kwa mapafu, anahitaji jiko bora ama gesi anayoweza kununua, lakini yeye si chanzo cha hili joto la dunia na ni makosa makubwa kumfanya aonekane hivyo.

Misitu ya Mau na Aberdare tuilinde kwa nguvu zote juu ndio maji yetu. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 alikuwa anajibu akina mama waliokosa kuni, maji na udongo wa kulima, na hizo sababu zinatosha hadi leo. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na ni vizuri, pandeni na mtunze ikue. Nisichokubali ni kampuni ya ng'ambo kuchoma mafuta halafu kutuambia tupande miti kwa niaba yake.

Ng'ombe nao? Ati wanaharibu hewa kwa kujamba?

Kwa kubeua zaidi. Ng'ombe amelala chini ya mti anacheua, tumboni kuna chumba kikubwa ambamo vijidudu vinavunja nyasi ambazo sisi hatuwezi kuzila, na vikifanya hiyo kazi vinatoa methani, inapanda kooni inatokea mdomoni, mchana kutwa. Mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, kama Mwea, hutoa methani kwa njia inayofanana, na taka zinazooza zikiwa zimefukiwa, kama Dandora. Lakini nyingi sana pia inavuja kutoka visima vya mafuta, mabomba ya gesi na migodi ya makaa ya mawe.

Kwa miaka 20 methani inanasa joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito, ila yenyewe hukaa hewani kama miaka 12 tu. Mifugo ni sehemu kubwa ya gesi za Kenya yenyewe, hilo ni kweli. Lakini mfugaji wa Kajiado aliyepoteza ng'ombe kwa ukame wa 2022 na mwenye bomba linalovuja ambalo angeweza kuliziba, siwezi kuwaweka kundi moja.

Mbolea ya nitrojeni nayo hutoa nitrasi oksaidi, ambayo kwa miaka 100 ina nguvu ya kama mara 270 ya hewa ya ukaa. Ni kidogo hewani lakini inaongezeka.

Simiti imeingiaje hapo?

Simiti inatengenezwa kwa mawe ya chokaa, kama vile viwandani Athi River, yanachomwa kwa tanuri la kama digrii 1,450, na jiwe lenyewe likipasuka kikemia linatoa hewa ya ukaa. Hata ungetumia moto wa jua, jiwe bado lingeitoa.

Si ni majengo na lami tu ndio yanafanya Nairobi iwe moto?

Yanachangia kwa mji, ukitoka Eastleigh ukaingia Karura unaisikia tofauti kwa ngozi. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia limeingia baharini, na huko hakuna flati wala lami.

El Nino ndio inaleta, ama?

El Nino hutoa joto lililokuwa baharini Pasifiki ikalileta hewani, halafu La Nina inakuja inafanya kinyume. Inapandisha na kushusha, haiongezi joto jipya kwa dunia. Wale wanaokumbuka El Nino ya 1997 wanajua vile ilikuwa, na mwaka 1998 uliweka rekodi ya joto wakati huo. Sasa miaka 2021 na 2022 ilikuwa ya La Nina, yaani miaka ya kupoa, na bado yote ilikuwa na joto kuliko 1998.

Mbona Julai tunatetemeka basi?

Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huleta hewa baridi na mawingu yanafunika mji siku nzima, na sisi tuko juu zaidi ya mita 1,600. Hiyo haijaisha na haitaisha.

Ukame wa juzi na mafuriko ya 2024, yote ni hii kitu moja?

Si yote, na si sawa. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 ambapo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, timu ya wanasayansi ya World Weather Attribution, akiwemo Mkenya Joyce Kimutai, ilipata kwamba joto lililoletwa na binadamu lilifanya ukame kama huo uwe na uwezekano wa angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto linakausha udongo na nyasi haraka. Kwa mafuriko, ile asilimia 7 ya mvuke inamaanisha mawingu yana maji zaidi ya kumwaga. Lakini Mathare watu walikuwa wanaishi ukingoni kabisa mwa mto, mitaro imeziba, na hiyo haikuletwa na gesi. Kiongozi asijifiche nyuma ya tabianchi kwa kazi ya mitaro ambayo hakuifanya.

Nani hasa ametoa hizi gesi?

Tukihesabu hewa ya ukaa ya mafuta, makaa ya mawe na gesi tangu viwanda vianze, Marekani peke yake ni kama robo. Sai kwa mwaka mmoja mmoja Uchina ndio inaongoza, karibu theluthi moja. Afrika yote, tukiwa karibu mtu mmoja kwa kila watano duniani, ni kama asilimia 4. Kenya haifiki hata asilimia 0.1, na stima yetu karibu asilimia 90 ni ya mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kile kituo cha makaa ya mawe kilichopangwa Lamu kilinyang'anywa leseni na mahakama ya mazingira Juni 2019, baada ya wakaazi wenyewe kupigana.

Haya mambo yamejulikana lini?

Zamani kuliko watu wanavyofikiria. Eunice Foote, mwanamke Mmarekani, mwaka 1856 aliweka mitungi ya gesi juani na ule wa hewa ya ukaa ukapata moto zaidi. John Tyndall akapima unasaji wenyewe mwaka 1859. Svante Arrhenius wa Uswidi akapiga hesabu kwa mkono mwaka 1896 ya vile joto lingepanda hiyo gesi ikiongezeka. Charles Keeling akaanza kupima kila siku kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiwa sehemu 315. Na IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi wa dunia, ilianzishwa 1988 na WMO pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake ni hapa kwetu Gigiri.

Tukiacha kuchoma leo, joto litashuka?

Litaacha kupanda, hiyo ndio habari, lakini halitashuka haraka. Karibu nusu ya hewa ya ukaa tunayotoa inavutwa na bahari na mimea, iliyobaki inakaa hewani, nyingine kwa mamia ya miaka na zaidi. Mwaka 2020 wakati wa korona dunia ilijifungia na uchomaji ukapungua kama asilimia 5, watu wakategemea kuona tofauti, lakini kipimo cha Mauna Loa kiliendelea kupanda, juu zile asilimia 95 zilikuwa bado zinaingia. Methani ni tofauti: ukiziba mabomba na kufunika dampo leo, kwa miaka kumi na kitu ile iliyokuwa juu nyingi imeisha, na punguzo la joto tunaliona sisi wenyewe tukiwa hai.